Kuwafanya wapenda viumbe waandike wanachokiona na kukitoa kwa wengine: mwongozo kamili kwa mratibu

Kila penye miti, maji au nyasi pana mtu anayejua mambo ambayo hayajaandikwa popote. Anajua mwezi ambao mbayuwayu hurudi, bwawa ambalo vyura huanza kulia mapema, mti ambao bundi hulala mchana. Ujuzi huo ukibaki kichwani mwake, hakuna mtafiti, mhifadhi wala mpangaji wa barabara atakayeutumia, na siku mwenyewe akiondoka, unaondoka naye. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuwaleta watu wa namna hiyo pamoja, iwe ni klabu ya watazamaji wa ndege, kikundi cha wanafunzi au majirani wachache, ili wanachokiona kiandikwe vizuri na kiwafikie wanaokihitaji.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hatua zote hapa chini zimesimama juu yake: mtu wa kujitolea huacha kurekodi pale anapotuma na asijibiwe. Programu nzuri, fulana na vyeti haviwezi kuziba pengo hilo. Kwa hiyo, kabla hujamwalika mtu hata mmoja, jiulize nani atakuwa anajibu, na kama ana muda.

Hatua ya 1: Anza na swali dogo

Ukimwambia mgeni "rekodi chochote unachokiona", unamtwisha mzigo. Hajui aanzie wapi wala lini amemaliza. Chagua swali moja lenye mipaka. Mbayuwayu wa kwanza hufika lini? Kwenye mabwawa yetu matatu kuna kereng'ende wa aina gani? Wanyama wa usiku hugongwa zaidi kwenye kipande gani cha barabara? Swali zuri hutaja kiumbe, eneo na muda, na aliyelisikia anajua kesho asubuhi afanye nini.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, mtaalamu wa ndege wa Marekani aitwaye Frank Chapman aliwaomba watu wahesabu ndege, badala ya kushindana kuwapiga risasi kama ilivyokuwa mazoea ya sikukuu. Waliitikia watu 27 katika maeneo 25. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo na hushirikisha makumi ya maelfu ya watu kila mwaka. Ombi lenyewe lilikuwa jepesi kulielewa: siku moja, eneo moja, hesabu ulichokiona.

Hatua ya 2: Wafuate watu walipo

Usisubiri wanaojiita wapenda viumbe. Wakulima, wavuvi, walinzi wa usiku, wafugaji wa nyuki, waongoza wageni na watoto wanaokwenda shule kwa miguu huona mengi kuliko mtaalamu anayepita mara moja kwa mwaka. Mwendee kila mmoja na swali linalogusa kazi yake. Mvuvi muulize kuhusu kasa na ndege wa pwani, mfuga nyuki muulize kuhusu maua na wadudu. Wazee waulize kilichokuwepo zamani na sasa hakionekani, kisha waandikie wewe kama kalamu si kazi yao.

Hatua ya 3: Fundisha rekodi inavyokamilika

Rekodi ina nguzo nne: kiumbe gani, wapi, lini, na nani aliyemwona. Ikikosekana moja, nyingine hupungua thamani. Hili linafundishika kwa dakika tano, ila makosa yanayojificha ndani yake yanahitaji muda zaidi, na ningekushauri uyafundishe kwa mifano.

*Kiumbe gani.* Mwambie mtu aandike kiwango anachokimudu. "Kipepeo" ni rekodi. "Kipepeo wa familia ya Nymphalidae" ni rekodi bora. Jina la spishi lililokisiwa ni hasara, kwa sababu atakayelisoma baadaye hatajua kwamba lilikisiwa. Wageni wengi huona aibu kuandika "mwewe, spishi sijui", hivyo sema wazi tangu siku ya kwanza kwamba jibu la namna hiyo ni la heshima. Waangalie pia wanaotegemea jina linalopendekezwa na programu ya simu. Pendekezo hilo husaidia sana, lakini mara nyingine huleta spishi inayoishi bara jingine kabisa. Wafundishe kuuliza kwanza: huyu anajulikana kuwepo huku kwetu?

*Wapi.* "Karibu na mto" haitoshi. Simu yenye GPS hutoa latitudo na longitudo, na mtu anapaswa kujua maana ya tarakimu zile. Tarakimu 2 baada ya nukta humweka ndani ya kilomita moja hivi, na tarakimu 4 humweka ndani ya mita kumi na kitu. Kosa baya zaidi kusini mwa ikweta ni kuisahau alama ya kutoa. Mtu aliyesimama latitudo -6.8 akiandika 6.8, amemhamisha mnyama wake kilomita 1,500 kwenda kaskazini. Kosa la pili kwa ubaya ni kubadilishana latitudo na longitudo. Mfundishe kila mtu afungue ramani baada ya kuandika, atazame kama alama imeangukia pale alipokuwa amesimama.

Kama hakumbuki mahali kamili, aandike na umbali wa shaka: "ndani ya mita 500". Shaka iliyoandikwa inamsaidia mtafiti. Uhakika wa uongo unampoteza.

*Lini.* Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi au ianze na mwaka, kwa mfano 2024-04-03, kwa sababu 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Kwenye saa kuna mtego unaotuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili: tukisema saa 2 asubuhi, fomu nyingi husubiri tuandike 8:00. Anayeandika 2:00 amemrekodi ndege wa mchana kana kwamba aliruka usiku wa manane. Waeleze watu wako waandike saa kama inavyosomeka kwenye simu.

*Nani.* Jina au lakabu ileile kila wakati. Mtu akitumia majina matatu, kazi yake ya miaka hutawanyika.

Hatua ya 4: Picha na sauti zinazothibitisha

Picha nzuri ya ukutani na picha ya kuthibitisha ni vitu viwili tofauti. Chukulia kereng'ende ametua kwenye unyasi. Wengi hupiga picha moja ya juu na kuondoka. Mtambuzi angependa tatu: ya juu ikionyesha mabawa yote, ya ubavuni ikionyesha mistari ya kifua, na ya karibu ikionyesha ncha ya tumbo, kwa kuwa maumbo madogo ya mwisho wa tumbo la dume ndiyo yanayotenganisha spishi zinazofanana rangi. Piga kwanza kwa mbali, kisha sogea hatua kwa hatua huku ukiendelea kupiga. Akiruka, angalau moja umeshaipata.

Kanuni hiyo inahamia kwa viumbe wengine. Uyoga unahitaji picha ya upande wa chini wa kofia. Mmea unahitaji ua, jani pande zote mbili, na namna majani yalivyopangana kwenye shina. Nyayo na kinyesi vinahitaji rula au kitu cha kupimia pembeni. Nyoka hahitaji picha ya karibu hata kidogo. Apigwe kutoka mbali, na asishikwe.

Sauti husahauliwa, ilhali ndege na vyura wengi husikika kabla ya kuonekana, au wasionekane kabisa. Simu ya kawaida yatosha. Ielekeze kwenye sauti, tulia kimya nusu dakika, kisha mwishoni taja tarehe na mahali kwa sauti yako. Ndege wakiwa kwenye viota, marufuku kuwachezea sauti iliyorekodiwa ili watokeze.

Hatua ya 5: Chagua chombo kimoja

Usiwape watu programu nne siku ya kwanza. Kikundi kinachopenda kila aina ya kiumbe kitafaa na iNaturalist, ambako mtu huweka picha au sauti na wengine husaidia kutambua. Wanaopenda ndege tu wana eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology pamoja na National Audubon Society. Hiyo hupokea orodha nzima ya ndege wa matembezi yako, hata bila picha. Asiye na simu ya kisasa apewe daftari lenye safu za nguzo zile nne, na awepo kijana wa kumwingizia. Daftari ni chombo kamili, usilidharau.

Kabla hamjaanza, angalieni leseni, yaani ruhusa ambayo mwenye rekodi huwapa wengine kuitumia. Rekodi nyingi za iNaturalist huishia GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe yenye makao Copenhagen, ambako mtafiti yeyote anaweza kuzipakua. Ili rekodi ifike huko inahitaji tarehe, mahali, ushahidi, utambuzi uliokubaliwa na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina, na leseni inayoruhusu. Mtu akichagua kwamba haki zote zimehifadhiwa, rekodi yake haivuki, na hatapata ujumbe wa kumwambia hivyo. Leseni za CC0 (itumike bila masharti), CC BY (itumike kwa kumtaja mwenyewe) na CC BY-NC (kwa kumtaja, na si kwa biashara) huvuka. Mweleze mtu hili waziwazi, kisha mwache achague mwenyewe, kwa maana kazi ni yake.

Hatua ya 6: Matembezi ya kwanza

Yawe mafupi, saa moja na nusu hivi, mahali rahisi kufika. Wapange watu wawili wawili, mzoefu na mgeni. Jambo la lazima ni moja: asiondoke mtu kabla hajatuma rekodi yake ya kwanza. Akisema "nitatuma nyumbani", mara nyingi hatatuma. Kama mtandao haupatikani, ajaze kila kitu palepale na abakize kubonyeza tu.

Matamasha makubwa ya kuhesabu viumbe kwa siku moja au mbili yana nafasi yake. City Nature Challenge, kwa mfano, ilianza mwaka 2016 kama shindano la Los Angeles na San Francisco, na sasa inashirikisha miji ya mabara mengi. Lakini tamasha bila wiki inayofuata huacha orodha ndefu na watu waliotawanyika. Panga matembezi madogo ya siku saba baadaye kabla hujatangaza tamasha lenyewe.

Hatua ya 7: Jibu, na ujibu vizuri

Hapa ndipo kikundi hupona au hufa. Mtu aliyetuma rekodi yake ya kwanza hutazama simu mara nyingi siku hiyo. Akipata jibu la mtu halisi ndani ya siku mbili, huenda akatuma nyingine. Zikipita wiki mbili kimya, ameshajifunza kwamba hakuna aliyehitaji.

"Asante kwa mchango wako" ni afadhali kuliko kimya, lakini haimwambii kwamba umeitazama kazi yake. Jibu linalofaa hutaja kitu mahususi. Mwandikie: "Mama, picha yako ya pili, ile ya ubavuni, ndiyo iliyotuwezesha kumtofautisha na mwenzake. Na kwenye bwawa lile hatukuwa na rekodi yake ya mwezi huu." Sentensi mbili zimembeba mpaka mwezi ujao, na pia zimemfundisha aendelee kupiga picha za ubavuni.

Kusahihisha kunahitaji adabu zaidi. Tuseme mzee mmoja ametuma picha ya ndege anayepaa na kuandika "tai". Wewe unaona ni mwewe. Usiandike "umekosea", tena mbele ya wote. Mwandikie: "Shikamoo mzee. Picha nzuri. Hebu tuutazame mkia wake pamoja: naona kama una panda katikati, na mwewe ndiye mwenye panda hiyo. Akiutandaza mkia, panda hupungua karibu ipotee, ndiyo maana huchanganya watu. Wewe ulimwona akigeuka, mkia ulikaaje?" Umempa alama ya kutazama, umemwachia neno la mwisho, na umeuliza kitu anachokijua kuliko wewe, kwa sababu yeye alikuwepo. Mara nyingine atakujibu jambo lisiloonekana kwenye picha, na wewe ndiye utakayebadilisha jina.

Kukubaliana kwa kujuana ni hatari inayokwenda taratibu. Rafiki anataja jina, rafiki mwenzake anaitikia, na mfumo unaona watu wawili wamethibitisha. Weka sharti kwenye kikundi: hakuna kuitikia jina ambalo wewe mwenyewe usingeweza kueleza alama zake. Kutoitikia si utovu wa adabu, na watu wasikie hivyo kutoka kwako.

Kazi ya kujibu isimkalie mmoja. Watu wawili au watatu wagawane viumbe: mmoja ndege, mwingine wadudu, mwingine mimea. Rekodi zisizotambulika wapelekewe wataalamu wa makumbusho au vyuo vikuu, na jibu lao lirudishwe kwa aliyetuma, likiwa na jina lake yeye kama mgunduzi.

Hatua ya 8: Wape thamani viumbe wa kawaida, na siku tupu

Watu wengi hudhani rekodi inayofaa ni ya kiumbe adimu. Wakipita shomoro mia, hawaandiki. Hili ni lazima ulipinge kila mara, kwa sababu kupungua hutambulika tu pale penye hesabu za wakati walipokuwa wengi.

Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba ndege wa Amerika Kaskazini wamepungua kwa karibu bilioni 3 tangu 1970, na sehemu kubwa ya waliopotea ni ndege wa kawaida kabisa, wakiwemo jamii za shomoro. Iliwezekana kulijua hilo kwa sababu tangu 1966 watu wa kujitolea walikuwa wakipita njia zilezile, wakisimama vituo 50, dakika 3 kila kituo, na kuhesabu kila ndege waliyemwona au kumsikia, wa kawaida na wasio wa kawaida. Waliokuwa wakiandika shomoro miaka ile hawakujua wanaandika nini.

Kwa hiyo wafundishe watu wako kuandika juhudi zao pia: walianza saa ngapi, walimaliza saa ngapi, walitembea umbali gani, walikuwa wangapi, na kama waliandika kila walichokitambua au walichagua. Orodha kamili ya nusu saa hueleza pia ni viumbe gani hawakuonekana. Mradi wa ramani ya ndege wa kusini mwa Afrika, SABAP2, ulioanza mwaka 2007, umeligawa eneo katika miraba ya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo (dakika hizi ni sehemu za nyuzi, si za saa), yaani takriban kilomita 9 kwa 8. Orodha kamili hudai angalau saa 2 za kutazama, na spishi huandikwa kwa mpangilio wa kuonekana kwao. Kenya na Nigeria zinatumia njia hiyohiyo. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi na profesa wakifuata utaratibu mmoja, orodha zao zinaweza kulinganishwa.

Na mtu akikaa bwawani saa nzima asione chura hata mmoja, aandike hivyo. Mshukuru kama unavyomshukuru aliyeona.

Hatua ya 9: Jueni cha kuficha

Kutoa taarifa kwa wote kuna mwisho wake. Mjusi wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, alielezwa kisayansi mwaka 1999. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa wakamwandama mpaka akatoweka pale alipopatikana mara ya kwanza. Kakakuona, kobe, kasuku, okidi, viota vya ndege wawindaji na mapango ya popo vyote huvutia watu wenye nia mbaya, au wapiga picha wengi kupita kiasi.

Kaeni mapema na mkubaliane orodha ya spishi ambazo mahali pake hapatangazwi. iNaturalist huficha yenyewe mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, ikiionyesha nukta popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, karibu kilomita 22 kila upande penye ikweta. Mtumiaji pia anaweza kuficha mwenyewe. Lakini ulinzi huo unavunjwa kirahisi na mtu anayetuma picha asilia kwenye kundi la simu, kwani faili hubeba alama za mahali ilipopigwa, au mlima na mnara nyuma ya picha vikasema vyote. Taarifa kamili ibaki kwa mratibu na mamlaka ya wanyamapori.

Msifichue mengi kuhusu watu pia. Rekodi za kwanza za mtu huwa za uani kwake, na nukta kumi zikirundikana mahali pamoja zimetaja nyumba yake. Kwa watoto, ficheni mahali daima. Na ardhi ya mtu haiingiwi bila ruhusa yake, hata kama ndege adimu yuko mita mbili ndani ya uzio.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo kwa walioyaleta

Kila miezi mitatu, toa ukurasa mmoja. Weka ramani ya mlikofika, kilichoonekana kwa mara ya kwanza, swali mlilolijibu na lililobaki. Taja majina ya waliochangia, kama wameridhia, na usiwaache waliotuma rekodi moja tu. Ukijua rekodi zenu zimetumiwa, kwenye tathmini ya mradi wa ujenzi, kwenye utafiti wa mwanafunzi au kwenye mpango wa hifadhi, mtafute aliyetuma na umweleze ana kwa ana.

Ramani hiyo itaonyesha matundu. Rekodi karibu zote zitakuwa kando ya barabara, asubuhi, na siku za mapumziko. Badala ya kumtukuza mwenye rekodi nyingi zaidi, jambo linalowashawishi watu kukimbilia wingi na kukisia majina, mpongeze aliyefika kwenye mraba mtupu au aliyetoka usiku.

Mwisho, fikirieni akiba. Pakueni data zenu mara kwa mara na kuzihifadhi mahali pawili. Neno la siri la akaunti ya kikundi lijulikane na watu wasiopungua wawili. Madaftari ya zamani yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuanza kuyaingiza, kwa kuwa mchwa na maji havisubiri. Yanapoingizwa, msijaze yasiyomo: kama mwenyewe aliandika mwaka tu, ingizeni mwaka tu, na jina lake liandikwe kwenye kila rekodi iliyotoka humo.